Nani Alikuwepo Chumbani?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni ukumbini kwetu hapa Tanga. Mvua iliwazuia wengi, halafu wakaanza kunisumbua wasapu, mwalimu tuandikie, mwalimu tuandikie, basi nimeandika kama nilivyosema na pale nilipopotea njia nimepaacha hivyohivyo.

Asalaam aleikum, habari za jioni wazee wangu, mama zangu, na nyie watoto wa kidato cha nne mlioletwa hapa kwa kulazimishwa, nawaona, wekeni simu mfukoni kidogo. Nimeambiwa niongee kuhusu tamthilia za wafalme kwenye tivii. Nikasema sawa, maana mimi nimefundisha historia miaka 27 na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa hiari yake swali kuhusu dola ya Waturuki, sio mmoja, dola ya Uturuki ilikuwa ni kipindi cha baada ya chakula cha mchana na watu wanasinzia. Halafu Azam TV wakaileta Sultan, tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman, imeingizwa sauti za Kiswahili, na ghafla watoto wananifuata mpaka ofisini, madam hivi ni kweli yule waziri Ibrahim Pasha alikuwa mtumwa, madam yule Hurrem mke wa Sultani alikufa na nini, madam kwa nini Sultani alimuua mwanawe. Mpaka walinzi wa getini wananisimamisha. Nikajisemea kumbe shida haikuwa historia, shida ilikuwa ni mimi.

Sasa niwape kisa. Barabarani kwetu Ngamiani kuna mama mmoja anauza maandazi asubuhi, jina lake nalihifadhi, yeye ndiye mwenye tivii kubwa na king'amuzi kisichokatika malipo, kwa hiyo jioni sebule yake inajaa mpaka watu wanakaa barazani wanachungulia dirishani. Ile siku Mustafa, mtoto wa Sultani, anaitwa kwenye hema la baba yake, mnaikumbuka, anatembea polepole, muziki ule, majanisari, wale askari wa Sultani, wamesimama, anavua silaha zake anaziacha nje, anashika pazia la hema, pwaa! umeme ukakatika. Jamani. Mtaa ulipiga kelele utadhani Yanga wamekosa penalti dakika ya tisini. Kijana mmoja akaitafuta kwenye simu akaipata, basi tukainamia simu moja watu kumi na moja, wengine hatuoni kitu tunasikia tu, na mama wa maandazi analia kwa sauti kama amefiwa.

Ilipoisha akanigeukia, mwalimu, hii ni kweli au wametunga? Nikamwambia kweli kabisa mama, Sultani Suleiman aliamuru mwanawe Mustafa anyongwe, tarehe 6 Oktoba 1553, kambini karibu na mji unaitwa Ereğli, akiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, na huyo Mustafa hakuwa kijana mdogo, alikuwa na miaka 38. Akanyamaza. Kisha akauliza, na yale maneno aliyoyasema mle ndani, nayo ni kweli? Nani aliyasikia?

Hapo nikakwama. Maana mle hemani, waliotumwa kumnyonga walikuwa mabubu. Hiyo ilikuwa desturi ya ikulu yao, kazi kama hiyo wanapewa mabubu. Sasa bubu atakusimulia nini?

Nimetembea na swali la mama wa maandazi mpaka leo. Kila nikikaa mbele ya tamthilia ya mfalme yeyote najiuliza hilohilo, nani alikuwepo chumbani? Nani alisikia? Naomba tukae nalo jioni hii, msiwe na haraka, chai ipo.

Tuanze na hiyohiyo Sultan. Kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilianza kuoneshwa Januari 2011, ikaenda mpaka Juni 2014, episodi 139. Aliyeiandika ni mwanamke, Meral Okay, na hakuimaliza, alifariki Aprili 2012 wengine wakaendelea na kalamu. Yule Hurrem wa kwanza, Meryem Uzerli, aliondoka 2013 akarudi kwao Ujerumani, wakamleta Vahide Perçin, ndo maana pale katikati mkaona Hurrem amebadilika sura nzima. Mama wa maandazi alisema ni majonzi yamemzeesha, nikaona nisimharibie.

Ilipoanza tu kule Uturuki kukawa na vurugu. Malalamiko zaidi ya elfu 70 yalipelekwa kwenye mamlaka yao ya utangazaji, eti Sultani anaoneshwa anakunywa, eti yuko na wanawake muda wote. Mwishoni mwa 2012 Erdoğan mwenyewe, wakati huo ni waziri mkuu, akasimama hadharani akaishambulia, akasema sisi hatuna mababu wa namna hiyo, Suleiman halisi alikaa miaka 30 juu ya farasi na sio ikulu kama mnavyooneshwa.

Mimi nikisikia hivyo nacheka, lakini nampa haki yake kidogo. Ni kweli Suleiman alitawala miaka 46, kuanzia 1520 mpaka 1566, na vita alizoziongoza mwenyewe ni 13. Belgrade 1521, Rhodes 1522, Mohács 1526, 1529 yuko nje ya kuta za Vienna, na hata kufa alifia vitani, Szigetvár huko Hungaria, mzee wa miaka 71. Farasi yupo, hatubishi. Lakini jamani hebu fikirieni kama prodyuza. Farasi anakula. Vita inataka watu elfu, inataka mizinga, vumbi, kompyuta za kuongeza watu wengine, kwa siku moja ya kupiga vita umemaliza bajeti ya mwezi. Chumba hakina gharama hiyo. Ukishajenga seti yako ya ukumbi, mazulia, taa, magauni, unarudi humohumo kila wiki miaka mitatu na nusu. Halafu tamthilia za Kituruki kwao episodi moja ni ndefu, saa moja na nusu mpaka zaidi ya saa mbili, kila wiki, kama filamu nzima ya sinema kila wiki! Sasa utajaza na nini saa mbili kila wiki? Utajaza na watu kutazamana. Mnajua yale macho, Mahidevran, mama yake Mustafa, anamtazama Hurrem, Hurrem anamtazama Mahidevran, kamera inaenda inarudi, fidla inalia, dakika nne hakuna aliyesema neno na wewe umeshika maandazi hujayala. Watu wanadhani ule ni ufundi tu. Ule ni ufundi na ni hesabu pia.

Na ukishamshusha mfalme kutoka kwenye farasi ukamwingiza chumbani, stori inabadilika mwenyewe. Kwenye farasi wapo wanaume peke yao. Chumbani kuna mama yake, kuna dada zake, kuna mama wa watoto wake, kuna mhasi Sumbul Agha anakimbia na habari huku na huku. Kwa hiyo kile alichokikasirikia waziri mkuu sio mapenzi, mimi naona alikasirikia kwamba dola imehamia jikoni. Lakini dola ilikuwa kweli jikoni! Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo penye utamu.

Hawa Waturuki hawakuwa na sheria kwamba mtoto wa kwanza ndiye anarithi. Kila mtoto wa kiume wa Sultani ana haki. Kwa hiyo Sultani akifa, wanakimbilia kiti, atakayefika kwanza na kukubaliwa na jeshi ndiye, na ndugu zake wanauawa, hiyo ilishawekwa kabisa kwenye kanuni tangu enzi za Mehmed aliyeiteka Istanbul. Mjukuu wa Selim, yule mtoto wa Hurrem kwenye tamthilia, Mehmed wa tatu, alipotawazwa 1595 aliwaua ndugu zake 19 kwa mpigo. Kumi na tisa. Sasa wewe mama una mtoto wa kiume mle ndani, utalala usingizi? Desturi ilikuwa suria akizaa mtoto wa kiume basi haendi tena kwa Sultani, mama mmoja mtoto mmoja wa kiume, mtoto akikua anapewa jimbo la kutawala na mama anakwenda naye huko kumlinda na kumfunza. Ndo Mahidevran alivyokwenda Manisa na Mustafa mwaka 1533. Hurrem akaivunja desturi, yeye alizaa watoto wa kiume watano na binti mmoja, na Sultani akamuoa kwa ndoa kabisa, kitu ambacho watu wa Istanbul walishangaa mpaka wakasema amelogwa.

Na kwa nini baba amuogope Mustafa? Kwa sababu baba yake Suleiman, yaani Selim wa kwanza, alimuondoa madarakani babu kwa msaada wa majanisari mwaka 1512. Suleiman alikuwa kijana wa miaka 17 wakati huo, anajua vizuri kinachotokea jeshi likimpenda mtoto kuliko baba. Na jeshi lilimpenda Mustafa. Huhitaji Hurrem amnong'oneze mtu chochote. Tamthilia imempa Hurrem lawama yote na watu wa wakati ule nao walimpa yeye na mkwewe Rustem Pasha, lakini mimi nikitazama naona baba mzee anayekumbuka babu yake alivyoshushwa kitini.

Turudi kwa swali letu. Haya yote ya ndani tunayajuaje? Wengi wa walioandika ni mabalozi. Mabalozi wa Venice, mabalozi wa mfalme wa Austria, kila mmoja anaandika barua kwao. Na hakuna balozi hata mmoja aliyewahi kukanyaga ndani ya harimu, yaani upande wa wanawake wa Sultani. Hata siku moja! Wanakaa Pera, ng'ambo ya maji, wanalipa wakalimani, wanaongea na wafanyabiashara, wanaokota. Ni umbea, jamani, tuuite kwa jina lake, umbea wenye muhuri wa serikali. Kuna balozi wa Venice mwaka 1526 aliandika kwamba Hurrem ni kijana lakini sio mzuri wa sura, ana madaha na umbo dogo. Nikasoma nikasema baba, umemuona wapi? Na ile habari kwamba Suleiman alikuwa nyuma ya pazia anawatolea macho mabubu wamalize kazi kwa Mustafa, imeandikwa na balozi Busbecq ambaye alifika Uturuki zaidi ya mwaka mmoja baada ya Mustafa kuzikwa. Pazia lile lile ndilo mnaloliona kwenye tivii. Umbea wa karne ya 16 umepikwa, umetiwa fidla, umetiwa Kiswahili, umefika Ngamiani, umemliza mama wa maandazi.

Hata ule ukumbi wenyewe, ile korido ndefu wanapokutana Hurrem na Mahidevran na kurushiana maneno. Ikulu ya Topkapı ipo, nendeni mkipata nauli. Lakini miaka ile ya mwanzo ya Suleiman wanawake na watoto kwa sehemu kubwa walikaa kwenye ikulu nyingine, Ikulu ya Kale, kipande mbali, na Sultani anakaa Topkapı na wanaume wake. Hurrem kuhamia Topkapı ni jambo la baadaye na lenyewe lilikuwa ni ajabu. Sasa ukiandika kweli, Sultani kila akitaka kumuona Hurrem apande farasi akatize mjini, utapata wapi mtu kusikiliza nyuma ya mlango? Mwandishi kawaleta wote chini ya paa moja. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Sasa naomba nimtetee Hurrem kidogo, kwamba yeye hakukaa kimya kama mabubu. Barua zake kwa Suleiman zipo mpaka leo. Zile za mwanzo ziliandikwa na karani kwa sababu Kituruki chake kilikuwa hakijakaa sawa, alitekwa kutoka upande wa Ukraine ya leo akauzwa, kisha baadaye lugha yake inanyooka mwenyewe. Anamuandikia mumewe yuko vitani, watoto wanakusalimu, mjini kuna tauni, nimekukumbuka naungua. Na Suleiman naye alikuwa mshairi, jina lake la ushairi Muhibbi, anamjibu kwa mashairi. Lakini barua ya mke kwa mume aliye mfalme sio kila kitu kinaandikwa humo. Ya Mustafa huyakuti kwenye hizo barua.

Na Waingereza je? Wao walifanya The Crown, tamthilia ya malkia wao Elizabeth, 2016 mpaka 2023, sizoni sita, episodi 60, waigizaji watatu wa Elizabeth mmoja baada ya mwingine. Hii mimi niliitazama kwa mwanangu Nairobi, na kusema ukweli ilinichosha, maana hakuna anayenyongwa. Kwao urithi ushapangwa, kila mtu anajua nani anafuata, kwa hiyo tamthilia inabaki kutafuta ugomvi kwenye kifungua kinywa. Lakini swali letu lipo palepale. Elizabeth aliupata umalkia akiwa hapahapa jirani, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, alilala Treetops kile kihoteli cha juu ya mti karibu na Nyeri anatazama tembo, baba yake akafa usingizini Sandringham, huko Uingereza. Habari akaja kupewa na mumewe Philip kule Sagana, wawili tu. Nani alikuwepo? Hakuna. Na kila wiki malkia alikuwa anakutana na waziri mkuu wake, hakuna karani, hakuna anayeandika, na tamthilia nusu yake ni mikutano hiyo! Mwandishi katunga yote. Mwaka 2020 waziri wao wa utamaduni akawaambia Netflix wekeni tangazo kwamba hii ni ya kubuni, Netflix wakakataa. Mnaona, waziri wa London na waziri mkuu wa Ankara wanalia kilio kimoja. Kitu kilichonikera mimi sio hicho. Kilichonikera ni Kenya yenyewe kupita kama picha ya ukutani, wanyama, machweo, basi. Miezi minane baada ya ule usiku wa Treetops hali ya hatari ikatangazwa, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakakichoma moto kile kihoteli kikaisha. Hayo yanatosha kwa The Crown, tuendelee.

Niwaulize, kwa nini Sultan iliingia sebuleni kwetu haraka vile? Shangazi yangu aliyeko Maskati aliiona kabla yetu, kwa Kiarabu cha Shamu, walivyozoea huko kuziingizia sauti, akawa ananisimulia kwa simu, na nilikuwa simuelewi vizuri. Ilipokuja kwa Kiswahili nikaelewa ndani ya dakika tano. Sio lugha tu. Ni kwamba kile kitu ndani ya ile nyumba sisi tuna jina lake. Suria. Vijana hamlitumii lakini bibi zenu wanalijua. Mtumwa aliyefanywa wa ndani na bwana wake, akimzalia mtoto hauzwi tena, bwana akifa anakuwa huru, na mtoto wake ni sawa na mtoto wa bibi wa ndoa, anarithi sawasawa. Ndiyo sheria ya Hurrem na ndiyo sheria ya Unguja. Mama wa maandazi hakuhitaji mwalimu kumueleza Mahidevran ananuna nini. Na naomba tusipambe, tamthilia inaonesha hariri na vito, lakini wote wale walinunuliwa. Hurrem alinunuliwa, Ibrahim alitekwa utotoni, Sumbul alikatwa. Ukiondoa hilo umebaki na maonesho ya magauni.

Sasa njooni Unguja. Seyyid Said, yule aliyehamisha makao yake kutoka Maskati, alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, njiani kurudi Zanzibar. Merikebuni alikuwepo mwanawe Barghash. Mnajua alifanya nini? Merikebu ilipofika akaiteremsha maiti ya baba yake usiku akaizika kimyakimya kisha akajaribu kushika ngome kabla mji haujajua, ikashindikana, kiti akakaa kaka yake Majid. Mimi niliposoma hilo nikasimama. Maana Suleiman naye alipofia Szigetvár, waziri wake Sokollu alificha kifo wiki kadhaa mpaka Selim afike. Sultani huyu na yule, bahari na bara, miaka 290 katikati, na maiti inafichwa kwa sababu ileile, hakuna kanuni ya nani arithi.

Seyyid Said aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18, na masuria 75. Najuaje idadi hiyo, mpaka ya ndani namna hiyo? Kwa balozi? Hapana. Nimeambiwa na mmoja wa hao 18 wa kike. Sayyida Salme. Alizaliwa ndani, Mtoni, mwaka 1844, mama yake Jilfidan alikuwa suria wa Kicherkesi, yaani kutoka milima ya Kaukazi. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hapana, yeye akajifundisha mwenyewe kwa siri, anaziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ndizo zilikuwa sleti zao. Ukubwani akaandika kumbukumbu zake, zikachapishwa kwa Kijerumani 1886. Nani alikuwepo chumbani? Yeye! Alikuwepo. Istanbul nzima ile yenye dola mabara matatu inaazima umbea wa mabalozi, na sisi tuna mtu wa ndani aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe, nani alikaa wapi, nani alinuna, chakula kilipakuliwaje, watoto walipigwaje.

Na aliandika mabaya yake pia. Mwaka 1859 Barghash akala njama kumpindua Majid. Salme alikuwa na miaka 15, mama yake ametoka kufa kwa kipindupindu, na dada yake Khole ambaye alimpenda kupita kiasi akamvuta upande wa Barghash. Na kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika, wakamfanya karani wa njama. Ule mfupa wa ngamia ndio umemfikisha hapo. Barua za kutafuta bunduki na risasi kaandika binti wa miaka 15, dhidi ya Majid aliyemlea na ambaye hakumkosea chochote. Majid akajua, askari wakaizingira nyumba ya Barghash, hakuna kuingia wala kutoka.

Hapo ndipo ningeanzia kamera mimi. Usiku, Khole na Salme wanatoka na wanawake wao, msafara mzima, wanakwenda mpaka kwa askari. Wanawake wa kifalme kuongea na wanaume wa nje ni kitu hakijawahi kuonekana, wanadai tumekuja kumuona ndugu yetu. Askari wamebabaika, wakawaacha wapite. Ndani wanamvisha Barghash shela, wanamfunika mpaka yanabaki macho, na mdogo wake Abdulaziz naye hivyohivyo, mtoto wa miaka kumi na kitu. Wanawachagua wanawake warefu kuliko wote wawaweke pembeni yake ili kimo chake kisionekane. Wanatoka. Askari wanapisha kwa adabu, wanainamisha macho maana ni wanawake wa seyyid. Umeona bajeti yake? Mlango mmoja, uchochoro mmoja, taa tatu, mashela. Hakuna farasi hata mmoja. Na hakuna maneno ya kubuni, wala hahitajiki bubu.

Njama yenyewe ilishindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid hakumuadhibu Salme. Kisha 1866 yeye akapata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani, dari kwa dari, akatoroshwa kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, akabatizwa, akaolewa, akaenda kuishi Hamburg. Miaka mitatu tu, mume akagongwa na tramu akafa. Mjane na watoto watatu wadogo kwenye baridi, anafundisha Kiarabu ili wale.

Watu huniuliza ingeishia wapi. Mimi ningeimalizia Agosti 1885. Majid ameshakufa zamani, Sultani sasa ni Barghash, na jumba lake la Beit el Ajaib lina miaka miwili tu tangu limalizike, linang'aa pale ufukweni, msilitazame lilivyo sasa baada ya kuporomoka ile Desemba 2020. Bandarini kuna manowari za Wajerumani, Bismarck, kansela wao, anataka bara, na kwenye moja ya meli zao wamemleta Salme anayedai urithi wake, wamemfanya kisingizio tu na nadhani alijua. Akashuka mjini, watu wakamjaa njiani wakamsalimu kwa furaha, bibi umerudi. Barghash akakataa kumuona. Miaka 26 nyuma alitoka kwenye nyumba iliyozingirwa akiwa chini ya shela, pembeni yake ni dada yake huyu. Kamera inabaki kwake tu, dirishani, anaitazama bandari, na hapo nawaruhusu fidla.

Haya, maswali. Yule mama pale nyuma mwenye kanga ya njano, namjua huyo, ndiye mwenye maandazi, mpeni maiki kabla umeme haujakatika.